Kupanga usafirishaji wa roboti katika Factorio: mwongozo kwa anayeanza

Kila anayefika kwenye roboti za usafirishaji katika Factorio, mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, huuliza maswali yale yale. Kwa nini roboti mia mbili zimeshindwa kazi ambayo mkanda mmoja wa njano wa kubebea bidhaa uliifanya bila shida? Kwa nini zimejazana juu ya roboporti moja, kituo cha kuzihifadhi na kuzichaji, kama nyuki kwenye mzinga? Kwa nini sanduku la buluu, lile la kuagiza bidhaa, limekaa tupu ilhali bidhaa lililoagiza imefurika upande wa pili wa kiwanda? Nimeyajibu maswali haya kwa vipande mara nyingi mno, kwa hiyo sasa nimekusanya majibu mahali pamoja na kuyapanga kwa mfuatano ambao ningependa kuupata mimi mwenyewe nilipokuwa ninaanza.

Maelezo haya yanafuata toleo la 2.0, lililotolewa na Wube Software mnamo Oktoba 2024, ingawa sehemu kubwa inafaa pia kwa toleo la 1.1. Sitaeleza jinsi ya kuyeyusha madini wala kuchimba mafuta. Ninachukulia kwamba tayari una kiwanda kinachotembea kwa mikanda na sasa unataka roboti zibebe sehemu ya mzigo. Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Roboti hulipia kila safari kwa muda na kwa chaji, na vyote viwili hukua kadiri umbali unavyokua. Karibu kila ushauri utakaofuata unatokana na jambo hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hakikisha kwanza kwamba unaweza kutengeneza roboti bila kuzifinyanga kwa mkono moja moja. Roboti moja ya usafirishaji hutokana na fremu moja ya roboti na saketi nyekundu mbili. Fremu yenyewe hula injini moja ya umeme, betri mbili, saketi tatu za kijani na bamba moja la feleji. Injini ya umeme ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa kuwa inahitaji mafuta ya kulainishia, nayo hutengenezwa kwa mafuta mazito ambayo hayapatikani katika usafishaji wa mafuta wa kiwango cha kwanza. Kama bado hujafungua usafishaji wa kiwango cha juu, acha mwongozo huu hapa, ukamalize kazi hiyo, kisha urudi.

Roboporti moja inahitaji bamba 45 za feleji, gia 45 na saketi nyekundu 45. Kwa kuanzia, weka akiba ya roboporti sita hivi, roboti 50 za usafirishaji na roboti 20 za ujenzi. Umeme nao usiupuuze: kila roboporti hula kilowati 50 hata ikiwa haifanyi lolote, na inapochaji roboti matumizi yake hupanda hadi megawati kadhaa. Kiwanda ambacho tayari kinayumba kwa umeme kitaangushwa na roboti.

Mwisho, angalia utafiti wako. Utafiti wa awali wa roboti hukupa sanduku jekundu na la njano pekee. Sanduku la buluu, la kijani na la zambarau hufunguliwa na utafiti wa mfumo wa usafirishaji, ambao katika mchezo wa kawaida hudai chupa za sayansi za njano, na katika nyongeza ya Space Age hudai sayansi ya anga. Kabla ya hapo roboti zinaweza kukuletea wewe mwenyewe vitu unavyoagiza popote ulipo ndani ya mtandao, yaani eneo linalofunikwa na roboporti zilizoungana, na hilo peke yake ni nafuu kubwa, lakini haziwezi kulisha mashine.

Rangi tano za masanduku

Masanduku yote matano yana nafasi 48. Tofauti yake ni tabia. Jekundu hutoa: roboti zinaruhusiwa kuchukua kilichomo pale kinapohitajika. La zambarau husukuma: kila kinachoingia humo roboti hulazimika kukiondoa mara moja na kukipeleka mahali pengine, hata kama hakuna aliyekiagiza. La njano ni ghala. Hupokea mabaki, vitu ulivyobomoa na vitu ulivyotupa kutoka mfukoni mwako. La buluu huagiza. La kijani hufanya yote mawili, huagiza na kutoa, kwa hiyo hufaa kama akiba iliyowekwa karibu na mahali pa matumizi.

Roboti inayotafuta kitu huanza na masanduku ya zambarau, hufuata ya njano na ya kijani, na huishia na mekundu. Likumbuke pangilio hilo, kwa sababu ndilo linalofanya mabaki yaliyo kwenye ghala yatumike kabla ya bidhaa mpya. Sanduku la buluu, hata hivyo, halichukui chochote kutoka la kijani mpaka uweke alama kwenye kisanduku cha ruhusa ndani ya dirisha lake.

Hatua ya 1: Amua roboti zitabeba nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua yote yatakayofuata. Roboti isiyo na utafiti wowote wa kuiboresha huruka vigae 3 (yaani miraba mitatu ya ramani ya mchezo) kwa sekunde na hubeba kitu kimoja. Ikiwa bidhaa iko umbali wa vigae 50, kwenda na kurudi ni vigae 100, yaani sekunde 33 kwa kitu kimoja. Mkanda wa njano hupitisha vitu 15 kila sekunde. Ukitaka roboti zifanye kazi ya mkanda huo kwa umbali huo, utahitaji roboti 500, tena zisizosimama hata mara moja kuchaji. Kwa hiyo madini, makaa ya mawe, mawe, bamba za chuma na bamba za shaba yaache kwenye mikanda au treni.

Roboti hufaa kwa vitu vinavyotakiwa kidogo kidogo lakini vya aina nyingi, ambavyo kuvitandikia mikanda kungegeuza kiwanda kuwa tambi: moduli, mashine za kuundia, mikono ya kupakia, mabomba, reli, nguzo za umeme, risasi za mizinga ya ulinzi, na vipuri vinavyokuja kwako unapojenga. Mahali pazuri pa kuanzia ni karakana ya vifaa, yaani kundi la mashine ambazo kila moja hutengeneza kifaa kimoja cha ujenzi.

Kuna hali moja inayokwenda kinyume na ushauri huu, nayo huja baadaye. Ukifikisha utafiti wa kasi ngazi ya tano, kasi huongezeka kwa asilimia 240 na kufikia vigae 10.2 kwa sekunde, na utafiti wa mzigo ukikamilika kila roboti hubeba vitu 4. Hapo, kwa umbali wa vigae 10 tu, roboti 22 hivi, ukiacha muda wa kuchaji, hufikisha vitu 45 kwa sekunde, sawa na mkanda wa buluu. Kwa umbali wa vigae 50 ungehitaji zaidi ya 110. Wachezaji wanaojenga viwanda vizima vya roboti hufanikiwa kwa kuweka sanduku jekundu na la buluu karibu sana. Wingi wa roboti peke yake haungewafikisha popote.

Hatua ya 2: Chora umbo la mtandao kabla ya kujenga

Roboti haijui njia. Hukata mstari ulionyooka kutoka ilipo hadi inakokwenda, na haijali kama katikati kuna ziwa, jabali au viota vya wadudu. Kwa sababu hiyo mtandao wenye umbo la herufi C au L ni mtego: roboti inayotoka ncha moja kwenda nyingine itakata nje ya eneo, chaji itaisha katikati ya safari, nayo itageuka kutafuta roboporti ya karibu, ambayo pengine ni ile ile iliyotokea. Itachaji, itajaribu tena, na inaweza kurudia hivyo kwa muda mrefu huku ikiwa imeshika mzigo ambao mashine yako inausubiri.

Chora mstatili. Ikiwa ardhi hairuhusu, jaza shimo la katikati kwa roboporti hata kama hakuna kiwanda hapo, au gawanya eneo katika mitandao miwili kama inavyoelezwa katika hatua ya 8.

Hatua ya 3: Weka roboporti

Roboporti huchukua vigae 4 kwa 4. Eneo lake la usafirishaji, linaloonyeshwa kwa rangi ya machungwa, ni vigae 50 kwa 50, na eneo lake la ujenzi, la kijani, ni vigae 110 kwa 110. Roboporti mbili huungana kuwa mtandao mmoja pale maeneo yao ya usafirishaji yanapogusana, na mchezo huonyesha muungano huo kwa mstari wa vipande kati yake unaposhika roboporti mkononi. Usipouona mstari, hazijaungana, hata kama maeneo ya kijani yamepandana kabisa.

Wanaoanza huziweka kila baada ya vigae 50 na kudhani kazi imekwisha. Nafasi hiyo hutosha kufunika ardhi lakini haitoshi kuchaji. Kila roboporti huchaji roboti nne tu kwa wakati mmoja. Ya tano husubiri hewani. Mahali penye msongamano, kama vile pembeni mwa karakana au kituo cha treni, weka roboporti mbili au tatu zilizokaribiana, na ziwe kwenye njia ya roboti, si nyuma ya njia hiyo, ili safari ya kwenda kuchaji isiwe safari mpya.

Hatua ya 4: Tengeneza ghala kwanza

Kabla ya kuachia roboti hata moja, weka masanduku sita hadi nane ya njano katikati ya mtandao. Ukibomoa kitu na kusiwe na sanduku la njano, roboti za ujenzi zitakwama na vitu mikononi na mchezo utaanza kukuonya kwamba hakuna nafasi ya kuhifadhi.

Masanduku mawili au matatu kati ya hayo yawekee kichujio cha kitu ambacho unajua kitakuja kwa wingi. Mbao ndio mfano mzuri, kwa sababu kila msitu unaoufyeka humwaga mbao ambazo hutazitumia tena, na zisipozuiwa zitatambaa kutoka sanduku moja hadi jingine mpaka ghala lote liwe la mbao. Roboti hupendelea sanduku lenye kichujio cha kitu kinachobebwa.

Onyo: usiweke masanduku ya zambarau katika hatua hii. Anayeanza huyaona ni bora kuliko mekundu kwa sababu yanamwagwa haraka, kisha anaunganisha moja na mashine ya saketi, na baada ya saa moja ghala limejaa saketi elfu kadhaa huku roboti zote zikihangaika kuzihamisha. La zambarau lina matumizi machache halali, hasa kumwaga kitu ambacho kikibaki kitazuia kazi. Kwa mengine yote tumia jekundu.

Hatua ya 5: Otomatisha utengenezaji wa roboti, kwa kikomo

Mkono wa kupakia unaweza kuingiza roboti ndani ya roboporti moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Tatizo ni kwamba hautasimama. Roboporti ina nafasi saba za roboti, zinazotosha roboti 350, na kila zinapotoka kwenda kazini nafasi hufunguka na mkono huingiza nyingine, hadi siku unagundua kwamba una roboti elfu tatu na saketi nyekundu zimekwisha kiwandani. Nimefanya kosa hili zaidi ya mara moja.

Dawa yake ni waya mmoja. Unganisha roboporti na mkono kwa waya mwekundu au wa kijani, fungua roboporti, na uiagize isome takwimu za roboti. Miongoni mwa ishara itakazotoa, X ni roboti za usafirishaji zisizo na kazi, Y ni jumla yake, Z ni roboti za ujenzi zisizo na kazi, na T ni jumla yake. Kwenye mkono wa roboti za usafirishaji weka sharti kwamba ufanye kazi Y ikiwa chini ya 100, na kwenye mkono wa roboti za ujenzi T ikiwa chini ya 50. Baadaye, kiwanda kikikua, badilisha namba hizo tu. Wapo wanaopendelea kutumia X, kwamba mkono ufanye kazi roboti zisizo na kazi zikipungua chini ya 10; mimi siipendi njia hiyo kwa sababu roboti zinazosubiri chaji hazihesabiwi kuwa huru, kwa hiyo mtandao uliokwama kwa foleni ya chaji utajibiwa kwa kuongezewa roboti, na foleni itarefuka zaidi.

Hatua ya 6: Jenga karakana ya masanduku ya buluu

Kila mashine ya karakana iwe na sanduku la buluu upande mmoja, mkono unaoingiza, mkono unaotoa, na sanduku jekundu upande wa pili. Chagua fomula ya mashine kwanza. Kisha shikilia Shift na ubofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mashine, halafu ushikilie Shift na ubofye kitufe cha kushoto juu ya sanduku la buluu, na viambato vyote vitajiandika kama maagizo.

Usiishie hapo. Kiasi kinachojiandika mara nyingi ni kikubwa kuliko mahitaji ya mashine inayotengeneza kifaa kimoja kwa dakika kadhaa, na kila kilicho ndani ya sanduku la buluu kimefungwa humo. Mashine nyingine haiwezi kukichukua. Karakana yenye mashine 30 ambazo kila moja imeagiza gia 200 imeficha gia 6,000. Punguza kila agizo libaki kati ya mara mbili na mara tatu ya viambato vya kifaa kimoja. Kwa fomula inayokwisha haraka ongeza kidogo, kwa inayochelewa punguza hata zaidi.

Weka pia kikomo kwenye matokeo. Njia rahisi ni kufungua sanduku jekundu na kuzuia nafasi zote isipokuwa moja kwa alama nyekundu ya X. Njia bora, ambayo haihitaji waya, ni kuunganisha mkono unaotoa na mtandao wa usafirishaji na kuupa sharti, kwa mfano kwamba ufanye kazi pale mikanda ya njano iliyomo mtandaoni ikiwa chini ya 400. Ubora wake ni kwamba sharti huhesabu pia mikanda iliyorudi ghalani baada ya kubomoa, ilhali kikomo cha X hakioni chochote nje ya sanduku lake.

Onyo: usiagize katika sanduku la buluu kitu ambacho mkono wa sanduku hilo hilo unakihamishia kwenye sanduku jekundu la mtandao huo huo. Roboti zitakizungusha kitu kile kile milele, na kwa mbali itaonekana kama kazi inafanyika.

Hatua ya 7: Kokotoa idadi ya roboti

Hesabu ni fupi: zidisha vitu vinavyotakiwa kwa sekunde kwa sekunde za safari ya kwenda na kurudi, kisha ugawanye kwa idadi ya vitu ambavyo roboti hubeba.

Tuseme unataka kusafirisha saketi 10 kwa sekunde, umbali wa vigae 40, ukiwa na ngazi mbili za kwanza za kasi na ngazi ya kwanza ya mzigo. Ngazi hizo mbili huongeza asilimia 35 na 40, kwa hiyo kasi ni vigae 5.25 kwa sekunde na kila roboti hubeba vitu 2. Safari ya vigae 80 huchukua sekunde 15.2. Kumi mara 15.2, gawanya kwa 2, unapata roboti 76. Ongeza takriban theluthi moja kwa ajili ya zile zinazochaji, na utahitaji kama 100.

Sasa sogeza sanduku la buluu hadi vigae 10. Safari inakuwa sekunde 3.8 na roboti zinazohitajika ni 19. Hujatafiti chochote kipya wala kutengeneza roboti hata moja. Umehamisha masanduku tu. Ndiyo maana mtu akiniuliza aongeze roboti ngapi, mimi humuuliza kwanza umbali.

Kuhusu utafiti, anza na ngazi ya kwanza ya mzigo, kwa sababu kutoka kitu kimoja hadi viwili ni kuongeza uwezo maradufu, na haidai zaidi ya sayansi nyekundu, kijani na buluu. Ngazi mbili za kwanza za kasi zifuate mara moja.

Hatua ya 8: Gawanya mitandao

Mtandao mmoja mkubwa unaofunika kiwanda chote unapendeza machoni, lakini una tabia mbaya: agizo la kitu kimoja upande wa mashariki linaweza kujibiwa kutoka magharibi kabisa, na roboti itavuka vigae mia nne kupeleka bomba moja. Kiwanda kikipita roboporti kumi na tano hivi, fikiria kukigawanya.

Ukuta wa ulinzi uwe na mtandao wake. Eneo la kuyeyushia madini, ikiwa lina roboti, liwe na lake. Karakana na maabara zinaweza kukaa pamoja. Kutenganisha ni suala la kuacha pengo kati ya maeneo ya machungwa. Ukiziacha roboporti kwenye mstari mmoja kwa umbali unaozidi vigae 50 lakini usiozidi 110, usafirishaji hukatika huku maeneo ya ujenzi yakiendelea kugusana, kwa hiyo hakuna sehemu inayobaki bila kufikiwa na roboti za ujenzi. Kumbuka tu kwamba kila mtandao hujenga kwa vifaa vyake wenyewe. Roboti za ujenzi za ukutani haziwezi kuazima nguzo kutoka karakana.

Kuvusha bidhaa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, weka sanduku la buluu ukingoni mwa wa kwanza, mkono wa kupakia kwenye pengo, na sanduku jekundu ukingoni mwa wa pili. Pengo likiwa la kigae kimoja, mkono wa kawaida hutosha. Likiwa pana zaidi, tandika mkanda mfupi. Kwa umbali mrefu tumia treni: sanduku la buluu hupakia behewa upande mmoja, na behewa hupakuliwa kwenye masanduku mekundu upande wa pili.

Ukutani, masanduku ya kijani ndiyo yanayofaa. Yaagize vifaa vya ukarabati, kuta na mizinga michache, na roboti za ujenzi zitavikuta karibu pale mashambulizi yanapotokea, badala ya kuvifuata kutoka mahali treni inapopakulia.

Mambo yakienda kombo

*Sanduku la buluu liko tupu ilhali bidhaa ipo.* Hakikisha kwanza kwamba vyote viwili viko ndani ya mtandao mmoja, kwa kutazama mistari ya vipande kati ya roboporti. Kisha angalia bidhaa iko kwenye sanduku la rangi gani: ikiwa ni la kijani, pengine hujatoa ruhusa, ikiwa ni la buluu, imefungwa, na ikiwa ni la chuma la kawaida, roboti hazilioni kabisa.

*Roboti zimejazana hewani juu ya roboporti moja.* Ni foleni ya chaji. Ongeza roboporti kando yake, usiongeze roboti. Toleo la 2.0 hugawa roboti kwenye roboporti zenye foleni fupi vizuri kuliko matoleo ya zamani, lakini haliwezi kuzigawa kwenye roboporti ambazo hazipo.

*Roboti zote zinatambaa.* Roboti iliyoishiwa chaji haianguki. Huendelea kwa asilimia 20 ya kasi yake. Ikiwa ni chache, tatizo ni umbali au umbo la mtandao. Ikiwa ni zote kwa pamoja, angalia umeme: roboporti zimekauka, na pengine mafuta au makaa yanayolisha mitambo yako ya umeme yanaletwa na roboti hizo hizo. Mzunguko huo haujitatui. Peleka makaa kwa mkono, kisha utandike mkanda wa kulisha mitambo ili usirudi hapo tena.

*Roboti zinaelea na vitu ambavyo hazijui pa kuvipeleka.* Ghala limejaa. Ongeza masanduku ya njano, kisha utafute chanzo, ambacho karibu daima ni sanduku la zambarau au sanduku lenye kichujio lililofurika.

*Mashine imesimama baada ya kubadilishwa fomula.* Sanduku la buluu bado lina viambato vya zamani na mkono umeshika kimojawapo. Weka alama kwenye chaguo la sanduku la kutupa visivyoagizwa, nazo roboti zitaviondoa. Kile kilichoshikwa na mkono itakubidi ukitoe mwenyewe, na njia ya haraka zaidi ni kuung'oa mkono na kuuweka tena.

*Bidhaa inapungua mtandaoni ingawa uzalishaji haujapungua.* Pitia maagizo ya masanduku ya buluu ya karakana moja baada ya jingine, ukianza na mashine ulizoziongeza karibuni. Kwa kawaida utakuta moja limeagiza mara hamsini ya kile mashine yake inachohitaji, na ukirekebisha namba hiyo na kuweka alama ya kutupa visivyoagizwa, ziada yote itarudi ghalani na kuanza kutumika.